Maji ya Siku ya Sita

Nikienda likizo Voi, la kwanza wanaloniuliza ni pilipili. "Ati Wahindi wa Maskati wanakula kali namna gani?" Nawaambia, jamani, pilipili ilikuwa shida ndogo. Nyumba niliyoingia kazi mimi hapa Ghubra, mtaa wa Maskati, haikuwa na kitunguu. Hata kimoja. Nilifungua makabati, nikafungua friji, nikapiga magoti nikachungulia chini ya sinki, wapi! Hakuna kitunguu, hakuna saumu, hakuna kiazi, hakuna karoti. Mimi niliyelelewa nikijua kwamba chakula kinaanza na kitunguu kwenye mafuta, nilisimama katikati ya jiko la watu nikajisemea, haki ya Mungu, nimekuja kufa njaa kwa matajiri.

Kumbe ni dini. Kwetu tunawaita wote Banyani tukamaliza, lakini hawa ni Wajaini, na Mjaini hali kitu kilichong'olewa ardhini. Ukichuma bamia, mbamia unabaki umesimama. Ukichuma nyanya, mnyanya unaendelea na maisha yake. Lakini ukila kiazi umeng'oa mmea mzima, na kule mizizini mlikuwa na vijidudu ambavyo jicho halivioni, navyo umeviua. Ndivyo nilivyoelezwa. Mchuzi wao wanautia mvuje, ule ule unaonuka ambao pwani watu humfungia mtoto mchanga asipatwe na kijicho, na nakuapia, ukikaangwa kwenye samli unakuwa mtamu mpaka unasahau vitunguu. Mimi sikusahau. Ijumaa nikipewa ruhusa nilienda kwa rafiki yangu mtaa wa Hail, nikala kachumbari bakuli zima, nikarudi nimefunga mdomo.

Aliyenieleza haya yote ni Ba. Ba kwa Kigujarati ni mama, na kwa kuwa nyumba nzima ilimwita hivyo, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mama yake bosi, bibi wa miaka sabini na sita, mwembamba, na ulimi wake haukuwa na likizo. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Mombasa, akauza vitambaa dukani Mombasa mpaka mumewe alipofariki na mwanawe akamleta huku. Madamu, mkaza mwanawe, alitoka India moja kwa moja na Kiswahili hakijui. Kwa hiyo mimi na Ba tulikuwa na lugha yetu ndani ya nyumba ya watu. Tuliweza kumsema madamu akiwa amesimama pale pale, na tulimsema, Mungu atusamehe.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilivua ndara nimpige mende. Ba akapiga ukelele ungedhani nimeinua panga. Akaja na bilauri na karatasi, akamfunika yule mende taratibu, akanipa nimpeleke nje. Nje, mwezi wa saba, saa nane mchana, hapa Maskati!

"Ba, huko nje si atakufa kwa jua?"

"Akifa kwa jua ni mambo yake na jua," akasema. "Wewe usiwemo."

Basi nikawa mbeba mende. Nikazoea. Nikazoea kufunga kitambaa kwenye bomba ili maji yachujwe kabla hayajagusa sufuria, nikazoea chakula cha jioni kuliwa jua halijatua ili mdudu asije akaangukia sahani gizani. Nilianza hata kuwapenda, kusema kweli. Watu wanaomwogopea mdudu, nilijisemea, hawatanitesa mimi. Na hawakunitesa.

Sasa, wana siku zao nane kila mwaka, wakati kule India mvua zinanyesha na huku sisi tunaiva. Siku hizo hawali hata mboga za majani, ni choroko na dengu tu, na anayeweza anafunga. Ukisikia kufunga usifikirie Ramadhani. Jirani yetu, bibi wa Kiomani ambaye wazee wake walitoka Unguja, nilipomweleza alishika kidevu. "Miye nnafunga tangu mdogo," akaniambia, "lakini nna futari jioni. Hao futari yao iko wapi?" Haiko. Anayefunga zote nane hali chochote, usiku na mchana, siku nane mfululizo. Anachoruhusiwa ni maji tu, yaliyochujwa na kuchemshwa, tena kuanzia jua likishapanda kidogo mpaka kabla halijatua. Jua likizama, hata tone hapana.

Mwaka juzi Ba akatangaza kwamba atafunga zote.

Bosi alikataa. Madamu alikataa. Mimi nilikataa nikiwa jikoni, ambako kukataa kwangu hakumzuii mtu. Ba alinifuata huko huko akakaa kwenye kistuli chake.

"Nilijaribu nikiwa na miaka kumi na tisa," akaniambia. "Bibi harusi mpya. Siku ya tano nikatapika, nikaanguka, kumbe nina mimba ya huyu anayenipigia kelele leo. Baada ya hapo watoto, duka, mume mgonjwa. Kila mwaka nikasema mwakani. Hebu nitazame, mwanangu. Mwakani yangu ni ipi tena?"

Nikamwambia, "Basi Ba, maji yako nitachemsha mimi."

Na hiyo ikawa kazi yangu. Asubuhi jua likishatoka nachuja, nachemsha mpaka yatokote kweli kweli, namwaga kwenye masinia mawili mapana ya stili yapoe. Barafu haitakiwi, friji haitakiwi. Maji ya kuchemsha ndani ya joto la Agosti, na kiyoyozi kinahema, hayapoi, yanakuwa vuguvugu tu. Ba anakunywa hayo, bilauri tano au sita kwa siku, anashukuru, anarudi kwenye tasbihi yake.

Siku tatu za kwanza alikuwa anatutania. Alikuwa anauliza tumepika nini, nikimwambia dengu anasema, "Leo sina hamu nayo." Siku ya nne alinyamaza. Kinamama wa jamaa zao walianza kuja kumjulia hali, maana ndiyo desturi, anayefunga anaulizwa raha yake, anaimbiwa, anapakwa hina mikononi kama biharusi. Aliketi katikati yao mikono imechorwa, midomo imepasuka. Nikapitisha chai kwa wageni na nilikuwa na hasira nao wote, sijui kwa nini.

Siku ya tano akaanguka bafuni. Nilisikia ndoo. Nilipofika alikuwa chini, macho wazi, hanioni. Nilimbeba peke yangu, na hapo ndipo nilipojua alivyokwisha, kwa sababu mimi si mtu wa nguvu na sikusikia uzito. Alikuja daktari, mmoja wa jamaa zao, akampima, akasema presha imeshuka na sukari imeshuka, anataka kumtundikia dripu. Ba akafungua macho akasema hapana. Mwanawe akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima na mvi zake, akamsihi. Hapana. Daktari akatoka nje akamwambia bosi mlangoni, nami nasikia, kwamba hata kijiko cha sukari tu kingemsaidia, lakini hawezi kumlazimisha mgonjwa mwenye akili zake.

Madamu alikuja jikoni akalia ameshika ukingo wa sinki. "Anakusikiliza wewe," akaniambia kwa Kiingereza. "Mwambie."

Nilienda nikamwambia. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia kwamba Mungu yeyote mwenye huruma hawezi kutaka hivi. Ba akanipapasa mkono. "Zimebaki tatu tu," akasema. Ungekuwepo ungefanya nini? Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, penye mashine ya kufulia, nikajiona sina mikono.

Asubuhi ya siku ya sita nilichuja maji, nikachemsha, nikamwaga kwenye sinia. Kabatini mlikuwa na kopo la glukosi la bosi, analobeba Ijumaa akienda kucheza badminton. Nilitia vijiko vitatu kwenye sinia moja na chumvi kidogo sana, ncha ya kidole, kama kliniki zinavyotufundisha kina mama kwetu mtoto akiharisha. Nikakoroga kwa mkono. Sikuomba, sikufikiri dini ya mtu. Nilifikiri: ulimi wa mtu aliyekaa siku tano bila chakula utajua nini?

Ulijua. Alikunywa bilauri ya kwanza taratibu, akatulia. Akanywa ya pili. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuyaona tangu siku ya tatu.

"Maji ya leo yana utamu," akasema.

Nikafungua mdomo nimwambie, naye akaendelea. "Mama mkwe wangu alikuwa akiniambia. Anayefunga kwa moyo safi, siku moja maji yenyewe yanakuwa matamu. Mimi nikidhani ni maneno ya wazee." Na machozi yakamtoka. Mtu ambaye mwili wake ulikuwa umekauka kama ule, sijui aliyatoa wapi.

Nikafunga mdomo.

Mchana aliweza kukaa. Alipokuja daktari alishangaa, akasema presha imepanda. Na kinamama walipokuja, Ba akawasimulia. Mmoja wao akaanza kulia. Wakamgusa miguu, mmoja baada ya mwingine, wanawake wenye magari yao na kazi zao za benki, wakainama wakamgusa miguu kama mtu wa Mungu. Nilikuwa mlangoni na trei, natamani ardhi ipasuke niingie. Ile ilikuwa glukosi ya badminton, jamani! Lakini nani angeniamini sasa, na nikiaminiwa ndiyo nimefanya nini? Madamu alinipita akanibana bega kwa furaha. "Mungu ameona," akasema.

Siku ya saba nikatia tena. Usiniulize kwa nini. Nikiacha, atajua. Nikitia, dhambi inanona. Na kubwa kuliko yote, alikuwa hai, anacheka, ameniuliza kama nimekula kitunguu Ijumaa iliyopita maana alinisikia harufu. Mchana huo walikuja watu wengi zaidi, mpaka wengine ambao sikuwajua, wametoka Madinat Sultan Qaboos na kwingineko, wamesikia habari za maji. Bibi mmoja aliniomba robo bilauri apeleke kwa mumewe mgonjwa. Nilimwambia yamekwisha.

Siku ya nane, ya mwisho, sikuweza. Nilichemsha maji, nikayaacha maji.

Ba alipiga funda moja. Akatazama ndani ya bilauri. Akanywa tena kidogo, akaiweka chini, na uso wake ukazimika taratibu mbele yangu.

"Yamerudi kuwa maji," akasema.

"Ba, maji ni maji."

"Hapana. Nimejivuna, ndiyo maana. Niliwaruhusu wale kina mama waniguse miguu." Akawaza. "Au kuna mtu nimemkosea na sijamwomba radhi."

Sasa lazima uelewe siku ya nane ni siku gani. Ndiyo siku kubwa yao. Siku hiyo Mjaini anaomba msamaha kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa maskini, hata kwa vidudu alivyokanyaga bila kujua. Anakunja mikono, kiganja kwa kiganja, anasema maneno ya lugha yao ya zamani, maana yake kosa langu kwako na lifutike. Jioni wanakusanyika kwa jamaa mmoja wanasali saa tatu nzima, wanaombana radhi. Ba hakungoja jioni. Asubuhi ile alizunguka nyumba akishika kuta, anatafuta aliyemkosea. Alimwomba mwanawe msamaha mpaka mwanawe akatoka chumbani. Alimwomba madamu, kwa mambo ya miaka kumi na tano nyuma. Alimpigia simu dada yake Mombasa. Kila akimaliza anarudi kwenye bilauri, anapiga funda, anatikisa kichwa. Alasiri nikamsikia anakuja jikoni, ndara zake zinaburura.

Akasimama mbele yangu akakunja mikono yake yenye hina.

"Umebaki wewe," akasema. "Mwaka ule ulipofika nilikuwa nanusa sufuria zako. Nilikudhania mabaya, kwamba wapika vitunguu humu ndani kwa siri. Sikukwambia. Na siku nyingine nilikuita nikiwa na kiu ya kuzungumza tu, nikakukatiza usingizi. Kwa niliyojua na nisiyojua, nisamehe, mwanangu."

Akainamisha kichwa. Kwangu mimi, ninayemwoshea sahani.

Ningesema nimekusamehe na yakaisha. Neno lilikuwa moja tu na angekwenda zake kusali, na asubuhi yake angefungua saumu akiwa amefunga nane zake. Lakini angekwenda akiamini Mungu amemwonjesha kisha akampokonya. Nilitazama ule utosi wake mweupe, nikashindwa.

"Ba, ni mimi. Nilitia glukosi."

Hakuinua kichwa mara moja.

"Siku gani?"

"Ya sita. Na ya saba."

Akavuta kistuli akakaa. Nilianza kusema, nilisema kila kitu kwa pamoja, kwamba alianguka, kwamba daktari alisema kijiko tu, kwamba nilimbeba na sikusikia uzito. Sijui kama alinisikia. Alikuwa anatazama sinia la maji pale juu ya meza.

"Basi ilikuwa sukari," akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe.

"Nisamehe, Ba."

"Nimekusamehe." Alijibu mara moja, tena akanikunjia mikono, kwa sababu siku hiyo haijibiwi vingine. Kisha akaita gari, akaenda kusali na wenzake.

Asubuhi ya siku ya tisa nyumba ilijaa. Kufungua saumu ya siku nane ni sherehe. Wanakuja ndugu na marafiki, na kila mmoja anamlisha mfungaji kijiko kimoja cha maji ya choroko, tumbo lirudi kazini pole pole. Madamu alivaa sari ya kijani. Bosi ndiye mwana, yeye ndiye wa kwanza. Alijaza kijiko cha fedha, akakipeleka mdomoni kwa mama yake, watu wanaimba.

Ba akageuza uso.

Wimbo ukafa vipande vipande. Ba akasema kwa Kigujarati, na baadaye akanirudilia mwenyewe kwa Kiswahili, kwamba amehesabu vibaya. Amefunga sita. Bado mbili. Na yale maji matamu, akasema, yalikuwa kosa lake, aliyanywa bila kuuliza, na waliomgusa miguu wamsamehe. Hakunitaja. Hakutazama hata upande niliokuwa.

Lakini madamu si mjinga. Alinikuta jikoni. Nilikuwa tayari kufukuzwa, nimeshafikiria sanduku langu liko wapi. Nilimwambia kabla hajauliza.

"Najua kwa nini ulitia," akasema. "Hata mimi nilishika lile kopo siku ya tano, nikalirudisha. Lakini kwa nini ulisema? Angekula leo. Angekuwa anakula sasa hivi! Kwa nini hukunyamaza tu?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Nimewahi kumwuliza padri wangu pale kanisani mtaa wa Ghala, naye akaniambia niombe.

Madamu alitaka achemshe maji yeye mwenyewe. Ba alikataa. Alilala ubavu, sauti kama karatasi, akasema, "Maji yangu achemshe yule yule." Kwa hiyo siku ya tisa na ya kumi nilichemsha mimi. Nilifunga kabati la glukosi nikampa madamu ufunguo bila kuombwa. Nilisimama mbele ya sufuria nimeweka mikono nyuma, sikuigusa ila kuitua. Ba alilala siku zile mbili karibu zote, nami nilikaa sakafuni kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake, na niliapa kwamba akifa hapa mbele yangu nitarudi Voi kwa miguu. Hakufa. Siku ya kumi na moja mwanawe alimlisha kijiko, na madamu akamlisha, kisha Ba akanyoosha kidole kwangu, na nikamlisha mimi. Mkono wangu ulimwaga nusu kifuani pake. Alicheka.

Nasema haya kwa sababu watu wananiuliza kama alinichukia. Hapana. Ananipenda. Ananiita mwanangu mbele ya wageni, aliwaambia wanawe kwamba akifa mimi niwe miongoni mwa watakaomwosha, na tunamsema madamu kama kawaida. Kila asubuhi nampelekea bilauri yake ya maji, naye anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru. Halafu anachovya ncha ya ulimi, anangoja kidogo, ndipo anakunywa. Sidhani hata kama anajua kwamba anafanya hivyo. Nami nasimama na trei mpaka amalize kuonja.